Pima Kabla ya Kukata: Kuchagua Mtaala wa Masomo ya Nyumbani na Kuulinganisha na Familia

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi na walezi katika kikao cha elimu kwa watumiaji, Mombasa



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya ununuzi ambao watu wengi hawauhesabu kuwa ununuzi. Mtu akienda kununua friji huuliza dhamana, hulinganisha bei katika maduka matatu, na huomba iwashwe mbele yake. Mtu huyohuyo anaponunua mtaala wa kumfundishia mwanawe nyumbani, mara nyingi hulipa kwa kuamini tu. Ilhali friji ikiharibika hutengenezwa, na mwaka wa mtoto ukipotea haurudi.

Niseme tangu mwanzo kwamba sikuja kumshawishi mtu yeyote amtoe mtoto shuleni, wala sikuja kumlaumu aliyekwisha kumtoa. Familia hulifikia jambo hili kwa njia nyingi: maradhi ya muda mrefu, ulemavu ambao shule ya karibu haina uwezo wa kuuhudumia, uhamisho wa kazi, uonevu, au imani ya nyumba. Kazi ya mamlaka yetu ni moja, nayo ni kuhakikisha kwamba anayenunua anajua anachokinunua.

Nami nina sababu yangu ya kulijali. Mwaka 2010, nikiwa darasa la sita, niliugua mfupa wa paja, na daktari akaagiza nikae nyumbani mihula miwili. Mama yangu, ambaye ni mshonaji, aliogopa nisije nikabaki nyuma. Akatokea muuzaji akamweleza habari za kasha la vitabu vya ng'ambo, mwaka mzima wa masomo ndani ya kasha moja. Mama alilipa fedha zote siku hiyohiyo, fedha alizokuwa amewekeza kununulia cherehani ya pili.

Tulipolifungua, tulikuta vitabu vizuri, vyenye karatasi imara na picha za rangi. Lakini hesabu zilikuwa za senti za Marekani, sayansi ilieleza miti inayopukutisha majani kabla ya theluji, na historia ilikuwa ya taifa jingine. Somo la Kiswahili halikuwamo. Kitabu cha majibu nacho kiliuzwa mbali. Mama aliporudi kuomba arejeshewe sehemu ya fedha zake, alionyeshwa mstari mmoja chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hakulia. Alikaa na lile kasha kama anavyokaa na nguo iliyoletwa kurekebishwa. Alibakisha vitabu vya kusoma na mazoezi ya hesabu, akageuza senti kuwa shilingi kwa kalamu. Aliazima madaftari ya mtoto wa jirani aliyekuwa darasa langu, na kila mwisho wa muhula alimwomba mwalimu wangu wa zamani anipe mtihani uleule waliofanya wenzangu. Niliporudi shuleni niliingia darasa la saba pamoja nao. Cherehani ya pili ilipatikana miaka mitatu baadaye.

Mama alijua kurekebisha. Kilichomponza ni kwamba alikata kitambaa kabla ya kupima. Leo nataka tupime pamoja.

Anzeni na mlango wa kutokea

Swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "Kuna nini ndani ya mtaala huu?" bali "Mtoto wangu atatokea wapi?" Atarudi katika shule ya jirani baada ya mwaka mmoja? Atafanya mitihani ya taifa? Atafanya mitihani ya kimataifa? Mtaala mzuri usiofika kwenye mlango mnaoutaka ni kama basi zuri linalokwenda Malindi ilhali safari yenu ni ya Voi.

Kabla ya mlango kuna sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule. Sheria hiyo haikuweka sura inayoeleza kwa ukamilifu namna familia itakavyojisajili kufundisha nyumbani, na mjadala huo umefika hadi Mahakama Kuu. Kwa hiyo, yeyote atakayewaambia kwamba kununua mtaala wake kunatosha kuwa ruhusa, hasemi kweli. Muuzaji wa vitabu hana mamlaka hayo. Nendeni kwanza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, elezeni hali ya mtoto, na ombeni jibu kwa maandishi. Pale ambapo sababu ni ugonjwa au ulemavu, beba barua ya daktari. Na pale inapowezekana, mtoto abaki katika daftari la shule, na masomo ya nyumbani yawe nyongeza au yawe ya muda.

Faida ya kubaki katika daftari la shule inaonekana wazi tukitazama mitihani. Katika Mtaala wa Umilisi, mtoto hapimwi siku moja tu ya mwisho. Watahiniwa wa kwanza wa KJSEA, yaani tathmini ya Gredi ya 9, walifanya mwaka 2025. Katika alama zao za kuingilia shule ya sekondari ya juu, tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 ilihesabiwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wenyewe wa Gredi ya 9 asilimia 60. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekaa nyumbani Gredi ya 7 na ya 8 bila kufanyiwa tathmini zinazotambuliwa anaweza kufika Gredi ya 9 akiwa na pengo ambalo mwalimu wa ziada hawezi kulijaza. Kama mlango wenu ni huu, tafuteni mapema shule itakayokubali kumsajili na kumtathmini, kabla ya kununua hata daftari moja.

Wanaochagua mitihani ya Cambridge nao wajue hili: mtahiniwa binafsi hajisajili mwenyewe moja kwa moja. Husajiliwa na kituo kilichoidhinishwa kinachokubali watahiniwa wa nje, na si kila kituo huwakubali. Ulizeni kituo kinatoza ada gani juu ya ada ya mtihani, usajili hufungwa lini, na masomo ya sayansi yatafanywaje, kwani baadhi ya karatasi huhitaji maabara. Kwa mfumo mwingine wowote wa kigeni, mwulizeni mkuu wa shule au chuo anachokikusudia mtoto kama cheti chake kinapokewa. Jibu liwe la maandishi pia.

Mpimeni mtoto, kisha nyumba

Baada ya mlango, mpimeni mtoto. Umri si kipimo cha kutosha. Baadhi ya mifumo hulitambua hilo: mfumo wa Accelerated Christian Education, kwa mfano, huanza kwa mtihani wa kupima kiwango, na somo la mwaka hugawanywa katika vijitabu 12 ambavyo mtoto huvipita kimoja baada ya kingine. Hata kama hamtumii mfumo huo, chukueni busara hiyo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusoma kama wa miaka kumi na miwili, na akahesabu kama wa miaka minane. Ukimnunulia kasha la gredi moja kwa masomo yote, nusu itamchosha na nusu itamvunja moyo. Mwulizeni muuzaji kama masomo huuzwa mojamoja. Akikataa, hiyo ni sababu ya kutazama kwingine.

Kisha ipimeni nyumba. Nani atafundisha, na ana saa ngapi kwa siku? Mtaala unaodai mzazi akae na mtoto saa nne hauifai nyumba ambayo mama hufungua duka alfajiri na baba yuko baharini wiki tatu kati ya nne. Umeme wenu ni wa kutegemewa? Simu ni moja au mbili? Masomo ya video hula bando, na simu ikiondoka na baba, shule nayo imeondoka. Nyumba ya namna hiyo huenda ikafaidika zaidi na vitabu vya karatasi ambavyo mtoto anaweza kuviendea mwenyewe, na mzazi akasahihisha jioni.

Msisahau lugha. Mitaala mingi ya ng'ambo haina Kiswahili. Katika sekondari ya chini yetu Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya, ni mojawapo ya masomo 9 ya mwanafunzi. Mtoto aliyekiacha kwa miaka mitatu hurudi darasani akiwa mgeni katika lugha ya nyumbani kwao.

Hesabuni gharama yote

Sasa tufike kwenye mfuko. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni mwanzo wa gharama. Chukueni mfano wa kubuni. Familia ina watoto wawili, na programu ya mtandaoni hutoza dola 30 kwa mwezi kwa kila mtoto. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, ni shilingi 7,800 kila mwezi. Mzazi husema, "Tutasoma miezi tisa, kwa hiyo ni 70,200." Lakini malipo ya kila mwezi hayaendi likizo. Yasiposimamishwa, mwaka mzima ni shilingi 93,600. Shilingi 23,400 zimelipia miezi ambayo watoto wanacheza. Na shilingi ikishuka thamani, ada ileile ya dola hupanda bila muuzaji kuandika barua.

Juu ya hapo ongezeni bando, karatasi na wino wa kuchapia, usafirishaji na forodha kwa vitabu vinavyotoka nje, kitabu cha mwalimu, kitabu cha majibu, vifaa vya sayansi, na ada za mitihani. Kwa vitabu vilivyokwisha kutumika, fungueni kurasa moja moja. Kitabu cha mazoezi kilichojazwa majibu ni karatasi tu. Na nakala za vitabu vya watu zinazosambazwa kwa simu bila idhini ya wenye haki si nafuu halali, hata zikiwa za bei ya chini.

Kabla ya kulipa, tazameni kwanza kile kilicho chenu tayari. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya huweka miundo ya mtaala wa kila gredi katika tovuti yake, na mtu yeyote huweza kuisoma bila malipo. Humo mna yale ambayo mtoto anatarajiwa kuyajua na kuyatenda katika kila somo. Taasisi hiyohiyo hutoa orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa. Muuzaji akisema, "Hiki kimeidhinishwa," msibishane naye, fungueni orodha. Mzazi mwenye muundo wa gredi mkononi, vitabu vichache vilivyomo katika orodha, na maktaba ya karibu, huenda asihitaji kasha lolote.

Kuurekebisha mtaala mlio nao

Huenda wengine mmekwisha kununua, na mnaniuliza kimoyomoyo, "Je, sisi?" Msikate tamaa. Hakuna mtaala uliotungwa kwa ajili ya nyumba yenu, na aliyeuandika hakumjua mwanenu. Mnayo haki ya kuurekebisha.

Wekeni muundo wa gredi upande mmoja na kitabu chenu upande wa pili. Pitieni mada kwa mada. Palipolingana, acheni palivyo. Palipo na ziada isiyowahusu, punguzeni. Mtoto wa Likoni hatapungukiwa kwa kuruka sura ya sarafu za kigeni. Palipo na pengo, jazeni: Kiswahili, historia na jiografia yetu, kilimo na lishe. Mfano uliomo kitabuni ukiwa wa mbali, leteni wa karibu. Sehemu za nambari hufundishwa kwa mkate wa kumimina unaokatwa vipande nane vizuri kama kwa chakula kingine chochote, na kupwa na kujaa kwa maji hufundishwa ufuoni bila kununua chombo.

Kama mna watoto wa umri mbalimbali, si lazima mwendeshe shule tatu katika sebule moja. Sayansi, historia, dini na sanaa huweza kufundishwa kwa pamoja: mkubwa akaandika ukurasa, wa kati akaandika sentensi tatu, mdogo akachora. Hesabu na kusoma ndiyo masomo ya kuwatenganisha, kwa kuwa hatua moja hukaa juu ya nyingine.

Jipeni wiki sita za majaribio, na mwisho wake mjibu maswali matatu kwa uaminifu. Mtoto anajua leo jambo ambalo hakulijua siku ya kwanza? Anaanza kazi bila vita? Anayefundisha bado ana nguvu? Jibu la "hapana" moja hurekebishwa kwa kubadili ratiba au kasi. Majibu matatu ya "hapana" yanawaambia kwamba mtaala huo, au mpango wenyewe, haufai. Na kumrejesha mtoto shuleni si aibu. Aibu ni kumng'ang'aniza kwa sababu fedha zimekwisha kutoka.

Tangu siku ya kwanza wekeni faili: tarehe, mada, kazi alizofanya mtoto, na mitihani iliyosahihishwa. Faili hilo ndilo litakalozungumza kwa niaba yenu mkiulizwa na afisa wa elimu, au na mwalimu mkuu anayetaka kujua mtoto aingie gredi gani.

Haki zenu mbele ya muuzaji

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili azifaidi, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kauli za uongo na za kupotosha, ikiwemo kudai kwamba bidhaa ina idhini ambayo haina. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchukuliwa na kutumiwa. Programu inayotaka picha ya mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na mahali anapoishi lazima iwaeleze ni kwa ajili gani.

Haki hizo huwa na nguvu zaidi zikiwa na karatasi nyuma yake. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji maswali haya, na ombeni majibu kwa ujumbe wa simu au barua, msitosheke na maneno ya mdomo:

1. Bei hii inajumuisha vitu gani, na ni vitu gani vinauzwa mbali?
2. Naweza kununua somo moja, au muhula mmoja, kabla ya mwaka mzima?
3. Naweza kuona sura moja kamili ya kila somo kabla ya kulipa?
4. Nikirudisha, ni ndani ya siku ngapi, katika hali gani, na nitarudishiwa kiasi gani?
5. Malipo ya mtandaoni hujirudia yenyewe? Nitayasimamishaje, na nani atanithibitishia kwamba yamesimama?
6. Mnaposema mtaala umeidhinishwa, umeidhinishwa na nani, na hati iko wapi?
7. Ni mtihani gani unaotokana na mtaala huu, na unafanyiwa katika kituo kipi?

Muuzaji mwaminifu atayajibu yote kwa utulivu. Anayekasirika, au anayesema punguzo linakwisha jioni hii, amekwisha kuwajibu.

Mkilipa kwa simu, msifute ujumbe wa malipo. Hifadhini tangazo lenyewe, kwa kuwa ahadi iliyomo ni sehemu ya ushahidi wenu. Kasoro ikitokea, mwandikieni muuzaji kwanza, mkieleza mlichoahidiwa, mlichopewa, na mnachodai, na mkimpa siku za kujibu. Asipojibu, au akijibu kwa kejeli, leteni nakala ya barua hiyo na vielelezo vyake katika ofisi yetu. Hamhitaji wakili ili kupokewa, wala Kiingereza. Malalamiko yaliyoandikwa kwa Kiswahili husomwa kama yalivyo.

Mabibi na mabwana, mama yangu hakuwahi kulalamika popote kuhusu lile kasha. Hakujua kwamba kuna mahali pa kulalamikia, na mstari ule wa chini ya risiti ulimfanya aamini kwamba kosa lilikuwa lake. Nilipoajiriwa katika mamlaka hii nilimweleza haki alizonazo mnunuzi hivi leo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa na utepe wa kupimia shingoni, kisha akasema, "Basi waambieni watu kabla hawajalipa."

Ndiyo kazi niliyokuja kuifanya. Sasa tuyapokee maswali yenu.